Kaka anasema kwa shida: nani akae naye kwenye kikao cha mirathi?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Sisi tuko Mombasa. Kaka yangu ni mtu mzima, alipata kiharusi na sasa husema kwa shida, ila akili yake ni timamu. Baba yetu amefariki, na kaka ameniomba nikae naye kwenye kikao cha mirathi nimsaidie kueleza anachotaka. Ami zetu wanakataa. Wanasema mimi mwanamke, na kwamba wao watamsemea na kumtilia saini. Sheria inasemaje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yenu na amshushie kaka yako shifaa.

Kaka yako ni baleghe mwenye akili, na mali yake ni yake. Hapana ruhusa ya mtu kumtilia saini bila idhini yake. Mafakihi wetu, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wameikubali hata ishara ya bubu ikifahamika, ikawa kama tamko katika mikataba. Sembuse yeye anayetamka, japo polepole?

Sahaba Hibban bin Munqidh (r.a.) aliumia kichwani, ulimi ukawa mzito, akawa anapunjwa sokoni. Jamaa zake walimtaka Mtume (s.a.w.) amzuie kufanya biashara. Hibban akasema hawezi kuiacha. Mtume hakumfungia, alimfundisha aseme kila anapouziana na mtu: hakuna kuhadaana. Alipewa kinga, akabaki na biashara yake. Na kaka yako anaomba kinga tu.

Basi kaa naye. Hoja ya uanamke haina mashiko: wewe mwenyewe ni mrithi kwa aya ya 7 ya Suratun Nisaa. Ami zenu ndio wasiorithi hapo, kwani mtoto wa kiume akiwapo, ndugu wa marehemu huzuiwa.

Lakini dada yangu, kwa kuwa nawe una fungu, usije ukayatia maneno yako kinywani mwake. Wekeni pia mtu mwingine mwaminifu asiye mrithi, aisikie kauli ya kaka yako. Mpeni muda amalize sentensi, kisha rudia ulichofahamu, naye athibitishe, hata kwa kutikisa kichwa.

Wakigawana au kusamehe haki yake bila ridhaa yake, hayo hayamfungi. Wakishikilia, nendeni Mahakama ya Kadhi mapema, kabla chochote hakijauzwa, na mumwombe kadhi amsikilize kaka mwenyewe, nawe ukiwa kando yake.

Wallahu a'lam.