Mkikorofishana na mbia wako, hesabu kwanza maneno baadae

Nyie mnaoanza, mmechanga washkaji wawili mkapata frem Kariakoo au Sinza na biashara imechangamka, sikilizeni. Nimewafanyia watu hesabu za maduka muda mrefu, na ugomvi mwingi nnaoitiwa uko hivi: mmoja anasema umekula hela, mwingine anasema mi ndo nashinda dukani we unatokea jioni kuchukua mauzo, na wote wanaweza kuwa na haki ila hakuna anayejua stoo kuna mzigo wa shilingi ngapi.

Kwaiyo fungeni duka jumapili moja, hesabuni mzigo wote kwa bei ya kununulia, sio ya kuuzia (hapo ndo watu wanapigana changa la macho), andikeni mnachodai na mnachodaiwa, toeni taarifa ya benki na ya lipa namba, na kodi ya frem msiisahau maana wengi tunalipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, ile miezi iliyobaki ni hela yenu wote. Msaini wote. Shahidi awe mtu anayeijua biashara, sio shangazi yako jamani.

Afu angalieni mkataba wa frem na lipa namba viko kwa jina la nani, maana mkishanuniana mwenye jina ndo anakuwa bosi hata kama mlichanga sawa.

Kama mlisajili jina tu BRELA (wakala wa serikali wa kusajili biashara) bila kuandikishiana, jueni Sheria ya Mikataba Sura ya 345 inawahesabia faida na hasara nusu kwa nusu, hata kama we ulitoa milioni nane mwenzio mbili. Mkivunja ubia yanalipwa madeni ya nje kwanza, afu kila mtu mtaji wake, kikibaki ndo mnagawana. Na anayetoka asiondoke kimya kimya, awaambie wanaowakopesha mzigo na taarifa zibadilishwe BRELA na TRA, la sivyo deni la mwenzie litamfata hadi kwake Mbagala.

Mkishindwana bei ya kununuana, mmoja ataje bei ya nusu ya biashara, mwingine achague kuuza au kununua kwa bei hiyohiyo, hutaamini watu wanavyokuwa waungwana ghafla. Malipo ya awamu yaandikiwe tarehe, na akitaka kuchukua mzigo badala ya hela upigwe bei ileile ya kununulia.