Niende Ohio au nibaki? Jibu la mtu anayewaogesha wazee wa Republican

Ndugu yangu mleta mada, umeuliza kama ukija huku Ohio kwa kazi ya unesi, ukiwa mweusi, Muislamu na lafudhi yako ya Mombasa, hawa watu wa Republican watakufanya nini, maana umeona klipu mpaka usingizi umekata. Kuna aliyekujibu njoo hakuna shida na kuna aliyekwambia usithubutu. Mimi nina miaka tisa hapa, sio mbali na Dayton, msaidizi wa manesi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani, na karibu wote ni wazungu wanaompigia Trump kura. Hebu nikupe niliyoyaona kwa macho yangu.

Matusi ya uso kwa uso nimeyapata mara mbili tu miaka yote hiyo, na mara moja ni bibi mgonjwa wa kusahau, alikataa nisimguse ati mikono yangu michafu. Huyo simhesabu. Ukija ukingoja ngumi utakaa sana, hapa kitu kinakuja kwa sauti ya upole, mara nyingi kama swali.

Chumba cha mwisho tuna mzee mmoja aliyefanya kazi kiwandani maisha yake yote. Mwaka wangu wa kwanza aliniona natetemeka na kijikoti cha mtumba, akampigia simu binti yake akaleta koti lake la baridi, zito kama godoro, akanambia kijana chukua mimi sitoki tena nje. Bure kabisa, hata asante hakutaka. Wiki hiyohiyo akaniuliza, hivi wewe watoka Mombasa, si ndiko alikozaliwa Obama? Nikadhani anatania. Wallahi hakuwa anatania.

Kumbe kuna cheti kilitolewa na wakili mmoja huku Agosti 2009, ati Obama kazaliwa hospitali kuu ya mkoa wa Pwani, yaani Makadara yetu ile. Cheti kimeandikwa Jamhuri ya Kenya, tarehe 17 Februari 1964. Sasa mtoto yeyote wa darasa la saba kwetu akwambie, Kenya ilikuwa jamhuri lini? 12 Disemba 1964. Na huo mwaka wa 1961 aliozaliwa Obama, Mombasa kwenye karatasi ilikuwa bado ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza anaiendesha tu. Halafu hebu fikiria, baba yake Obama, Mjaluo wa Alego, yuko masomoni Hawaii, mke wake mzungu ana mimba, ampakie ndege kwenye nchi ya watu akazae Makadara, aruke hata Kisumu? Nilimweleza mzee yote hayo huku namvisha soksi. Akanisikiliza vizuri, akasema, hata hivyo kuna kitu wanaficha.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Hakuwa anabishana na mimi kuhusu cheti, cheti chake cha kweli cha Honolulu, kule Hawaii alikozaliwa, kilitolewa hadharani Aprili 2011 na Trump mwenyewe alikuja kukiri Septemba 2016 kwamba Obama kazaliwa Marekani, baada ya miaka mitano ya kupiga tarumbeta na bila kuomba radhi. Mzee alikuwa anasema tu kwamba mtu mwenye jina lile na baba yule hawezi kuwa mwenyeji pale. Cheti kilikuwa kisingizio.

Lakini nisiwapake wote rangi moja. McCain, mgombea urais wa chama chao hichohicho aliyeshindana na Obama, Oktoba 2008 kule Minnesota mama mmoja alisimama mkutanoni kwake akasema hamwamini Obama kwa sababu ni Mwarabu. McCain akachukua maikrofoni akasema hapana, ni raia, ni mtu mwenye heshima na familia yake, ila hatukubaliani kwenye mambo ya msingi. Watu wake mwenyewe wakamzomea siku ile. (Japo mimi kama Mswahili nikajiuliza, kwani Mwarabu naye hawezi kuwa mtu wa heshima? Lakini tuache hilo.) Ninachosema ni kwamba kiongozi wa upande ule aliwahi kuzima moto wa watu wake, na waliokuja baadaye wakagundua kuuchochea kunalipa zaidi.

Sasa njoo 2024. Springfield ni nusu saa hivi kwa gari kutoka hapa, mji wa watu kama 58,000 uliokuwa unakufa, viwanda vimefungwa, halafu miaka michache wakaja Wahaiti maelfu kwa maelfu, wengi walikuwa na vibali halali, wakajaza zile kazi. Shida zilikuwepo kweli, kodi za nyumba zilipanda, kliniki foleni, na Agosti 2023 dereva wa Haiti asiye na leseni halali ya pale aligongana na basi la shule mtoto akafa. Hayo ni ya kujadiliwa na watu wazima. Lakini hakuna aliyetaka kujadili kliniki. Kilichopanda jukwaani ni paka. Mtu kaandika Facebook, kasikia kwa jirani, jirani naye kasikia kwa mtu mwengine, na tarehe 10 Septemba Trump yuko kwenye mdahalo na Kamala Harris anawaambia mamilioni kwamba kule Springfield wanakula mbwa, wanakula paka za watu. Polisi na mji walishasema hakuna ushahidi wowote. Siku hiyohiyo baba wa yule mtoto aliyekufa alikuwa amesimama kwenye baraza la mji akiwaomba wanasiasa waache kumtumia mwanawe kueneza chuki.

Mimi usiku ule nilikuwa shifti, nabadilisha shuka chumba cha mwisho, tivi iko juu. Mzee akacheka kidogo halafu akaniangalia, akaona nimenyamaza. Akanambia, sio nyinyi wa Kenya, wewe ni mtu wa kazi. Nikamuuliza na yule dada wa Jumamosi je? Maana Jumamosi anayemuogesha ni dada wa Haiti, anakaa Springfield kwenyewe, mzee anampenda kuliko mimi, mpaka humwekea chokoleti. Akasema aah, yule naye sio kama wao.

Sasa hao "wao" ni nani? Mimi sio, dada sio, nesi wa Kinaijeria wa mchana sio, daktari wake Mhindi sio. Kila anayemjua kwa jina katolewa kwenye hesabu, na bado hesabu inabaki vilevile. Anayebaki ni wa kwenye tivi tu. Wiki iliyofuata vitisho vya mabomu vikamiminika Springfield, zaidi ya 30, vyote vya uongo, lakini shule zilihamisha watoto, na yule dada alikaa na wanawe ndani siku nne bila mshahara. Mzee akaniuliza mbona dada haji. Nikamwambia sababu. Alinyamaza sana. Novemba akapiga kura yake palepale kwa posta, na bahasha nikaifunga mimi kwa sababu vidole vyake vinatetemeka. Kazi ni kazi.

Vance, seneta wetu wakati ule na mgombea mwenza wa Trump, alipobanwa kwenye mahojiano alisema kama inabidi kutunga hadithi ili vyombo vya habari viangalie mateso ya Wamarekani basi atatunga. Upande wa pili, gavana DeWine, Republican vilevile na mzaliwa wa Springfield, alisimama akasema hawa watu wapo kihalali, wanafanya kazi, na paka ni uongo. Hata hivyo kura za kaunti ile alizichukua Trump kwa kishindo.

Kingine utakachokutana nacho ni chakula, na hiki kiliniuma kuliko cha paka. Juni 2025 kulizuka video ya Zohran Mamdani, yule aliyezaliwa Kampala na sasa ni meya wa New York, anakula wali kwa mkono. Mbunge mmoja wa Republican kutoka Texas, Brandon Gill, akaandika kwamba watu waliostaarabika Marekani hawali hivyo, na asiyetaka mila za Magharibi arudi Ulimwengu wa Tatu. Na baba mkwe wake ni mzaliwa wa Mumbai, jamani! Mwengine wa Tennessee alitaka Mamdani anyang'anywe uraia. Sasa mimi mapumziko huwa nakula pilau langu kwa mkono, usiku jikoni kwa wafanyakazi, na wiki ile kijana mmoja wa usafi, wala hana ubaya, akaingia akaniona akasema, oho na wewe pia? Nikajikuta naangalia kijiko. Wallahi sikukichukua, lakini niliangalia, na hicho ndicho kinachoniudhi mpaka leo.

Na tusijisafishe. Kwenye grupu letu la Wakenya wa hapa, ile ya paka ilisambazwa na watu wetu wenyewe, wengine wa kanisani, wanampenda Trump kwa mambo ya mimba na mashoga, wakaandika hawa Wahaiti ndio wanatuharibia. Nikawakumbusha tunavyowasema Wasomali kule Eastleigh, Nairobi. Nilitolewa kwenye grupu ndani ya saa mbili hivi, nikarudishwa baada ya siku tatu kwa sababu mimi ndiye ninayeweka hesabu za mchango wa maiti.

Kwa hivyo jibu langu, njoo. Leseni yako ya unesi ishughulikie mapema, mkataba usome mara tatu hasa kifungu cha kulipa fidia ukiacha kazi, na usikubali kukatwa nyumba kwenye mshahara. Siku ya kwanza watakwambia wewe sio kama wao. Mimi huuliza, kama nani? Mara nyingi hawana jina la kunipa.

Koti usinunue huko, utadanganywa. Lile la mzee bado ninalo na mimi nimeshapata jengine, niandikie inboksi saizi yako.