Chuma Usichokijua: Kisome Kwanza, Jina Lije Baadaye

Kwa wanagenzi mnaoanza kutembea na detekta ya metali ufuoni Nyali, Bamburi au Likoni: iko siku utachimbua kitu kizito kilichovimba kutu, hukijui wewe wala hakijui mwenzako. Watu watakuzunguka, na kabla hujakipangusa mchanga utaambiwa ni cha Wareno. Hapa Mombasa kila cha kale husemwa ni cha Wareno. Nawaombeni, siku hiyo msikipe jina. Ukishakiita kitasa, utatafuta dalili za kitasa tu, na zilizo wazi zaidi zitakupita.

Kwanza hakikisha kitu chenyewe hakitakuua. Mwaka 1942 bandari ya Kilindini ilikuwa kituo cha manowari za Kiingereza, na pwani hii iliwekwa mizinga. Ukiona chuma cha duara kama chupa nene, na karibu na kitako kimezungushiwa ukanda wa shaba nyekundu, hilo ni kombora la mzinga. Usiling'oe, usiligonge, usilimwagie maji. Weka alama, ondoa watoto, piga simu polisi. Kutu hula chuma cha nje. Baruti iliyo ndani yaweza kukaa miaka na miaka ingali hai.

Jambo la pili watu hulipuuza sana, nalo ndilo linaloniuma: usisugue. Najua majumbani kwetu shaba hung'arishwa kwa ukwaju, ndimu na jivu, na sinia hutoka likimeremeta. Kwa kitu kilichotoka ardhini hiyo ni hasara isiyorudi, kwa sababu maandishi, nakshi na alama za nyundo mara nyingi zimebaki ndani ya ile kutu yenyewe, wala si kwenye metali iliyo chini yake. Ondoa udongo kwa maji baridi na brashi laini ya meno, basi. Kikiwa chuma kilichotoka baharini, usikianike hata kidogo. Chumvi imekiingia, na kikikauka hupasuka na kumeguka vipande. Kiweke ndooni ndani ya maji mpaka upate mtu anayejua kukitibu.

Sasa kisome. Sumaku ya spika mbovu yatosha kuanzia: chuma hunasa, ila kilichogeuka kutu chote hunasa kidogo tu, shaba, risasi na fedha hazinasi. Kisha rangi. Ukijani ni wa shaba na ndugu zake, weupe wa vumbi ni wa risasi, weusi mara nyingi ni wa fedha.

Baada ya hapo nenda kwenye mizani, na hapa sitapita haraka. Mzee mmoja wa Likoni aliniita nimtafutie pete uwani kwake. Kwa kina cha shibiri mbili kikatoka kitu mfano wa pea, kina ncha, kimejaa ukijani. Vijana wakasema ni risasi ya mzinga. Mwingine akasema ni pambo la taa. Sumaku haikunasa. Nilikipima kikavu kwenye mizani ya jikoni: gramu 340. Halafu nikaweka jagi la maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikakining'iniza kile kitu kwa uzi ndani ya maji kizame chote bila kugusa chini wala ubavuni. Mizani ikaonyesha gramu 40. Gawanya 340 kwa 40, unapata 8.5. Metali ya risasi ingekaribia 11.3, fedha 10.5, chuma kama 7.8. Hiyo 8.5 ni shaba ya njano, ile iliyochanganywa na zinki. Hesabu hii ni ya kila mtu, na inanyamazisha mabishano mengi. Angalieni tu kitu kisiwe na uwazi au udongo ndani, maana hapo jibu litadanganya.

Kisha nikazima taa, nikakimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Ikaonekana mistari myembamba iliyozunguka kiwiliwili chote, yaani kilikerezwa kwa mashine. Juu palikuwa na kifuniko cha parafujo chenye tundu katikati, ukingo wa tundu umelika na kuwa laini. Ncha ilikuwa imebonyea. Kwa hiyo ni kitu kilichoning'inizwa kwa kamba, kikaelekea chini, na mara kwa mara kikaanguka. Na shimoni mlikuwa na mabonge ya chokaa na vipande vya matumbawe. Kwa fundi mwashi mzee sikutaja dhana yangu yoyote. Alipitisha uzi, akakisogeza karibu na ukuta, akasema: timazi.

Angalieni kilichotusaidia. Kama ningekibeba bila kutazama shimo, chokaa ingebaki nyuma. Piga picha ya shimo kabla ya kukiinua kitu, pima kina, andika kilichokuwa pamoja nacho.

Na mchague mtu wa kumuuliza. Msumari mnene wa pembe nne mpelekee fundi wa majahazi, naye atakwambia pia kama chuma chako ni mkono wa nanga au wa baura, ile nanga ya mikono miwili. Pambo mpelekee sonara. Vitu vya nyumbani, kama kipande cha mdila (birika la kahawa), mguu wa chetezo, mkasi wa popoo au kijiti cha wanja, waulize bibi zetu. Wao hawavikisii, walivishika. Amkia, kaa kitako, mpe akishike mwenyewe, uliza kilifanya kazi gani, kisha nyamaza.

Kwenye umri jihadharini. Riali ya Maria Theresa, iliyotumika sana pwani hii, huandikwa 1780 hata kama ilipigwa miaka mingi baadaye. Sarafu ya shaba yenye mizani na neno Mombasa ni ya kampuni ya Waingereza, mwaka 1888. Duara lenye tundu katikati usilitupe ukidhani ni washa. Tazama kama pana pembe za ndovu kuzunguka tundu, maana huenda ni senti ya Afrika Mashariki ya enzi za ukoloni. Alumini haiwezi kuwa ya Wareno wa Ngome ya Yesu, kwa kuwa haikuenea madukani mpaka baada ya 1886. Msumari wa mwili wa duara ulionyooka sawasawa ni wa kiwandani.

Sheria nayo muijue. Kwa sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale. Kuvitafuta vitu hivyo kwa makusudi kunahitaji leseni, na ukikikuta kwa bahati unatakiwa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, ukieleza mahali hasa. Msiione kama adhabu. Jahazi la vita la Wareno, Santo António de Tanná, lilizama mbele ya Ngome mwaka 1697, na kwa sababu wapiga mbizi wa miaka ya 1970 waliandika kila kitu kilipolala, leo tunaingia Ngomeni tukaviona vyombo vya mabaharia wale na kuvielewa. Nendeni mkavitazame kwa utulivu, mara nyingi. Jicho hufundishwa pale kuliko kwenye simu.

Ukienda ofisini kwa Makumbusho, chukua kitu kikiwa hakijasuguliwa, picha za shimo, vipimo vyako, na karatasi uliyoandika kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huweza kufutika ukilowa. Wakikwambia hawakijui bado, waachie hiyo karatasi pamoja nacho.