Kumlea Kuku Mlemavu Katika Ua Mdogo

Ua wa nyumba yetu, hapa Langoni mjini Lamu, ni mdogo, na ndani yake nimefuga kuchi pamoja na kuku wengine wa kienyeji kwa miaka 11. Katika muda huo mtetea wangu mmoja amekanyagwa na punda kichochoroni, vifaranga kadhaa wameanguliwa wakiwa na miguu iliyotanuka, na wachache wamenusurika ugonjwa wa kideri (Newcastle) wakabaki na shingo zilizopinda. Nimeona kwamba kilema chenyewe huua kwa nadra. Aghalabu kuku huyo hufa kwa kiu ilhali maji yako hatua mbili kutoka alipolala, au hufa kwa kudonolewa na wenzake, na yote mawili yanazuilika.

Ukimkuta kuku anachechemea au amelala pasipo kawaida yake, mtenge kwanza, kisha ndipo umchunguze. Aliyeumia huwa na uvimbe, kidonda au mfupa uliokaa vibaya, lakini macho yake bado ni maangavu na chakula anakitamani. Akiwa amejikunyata, anapumua kwa tabu na anahara kinyesi cha kijani, huku wenzake nao wakianza kuzubaa, hicho huenda ni kideri, nacho hakina dawa. Kuku kijana anayelala mguu mmoja ukiwa mbele na mwingine nyuma hunitia shaka ya ugonjwa wa Marek, ambao pia hautibiki.

Yule mtetea wa punda alivunjika chini ya goti. Nilimfunga pamba nyembamba, nikaweka vijiti viwili vya chelewa ubavuni mwa mguu, kisha nikazungushia bendeji bila kukaza, na kila asubuhi nikatazama kama vidole vimevimba au vimekuwa baridi. Mifupa ya ndege huunga upesi. Baada ya wiki 3 nilimfungua, naye anatembea hadi leo, ingawa kwa kuchechemea. Mfupa uliotoboa ngozi, hata hivyo, si kazi ya nyumbani, na daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

Aliyeumia nilimweka ndani ya tenga pale pale uani, wenzake wakimwona naye akiwaona. Kuku wana daraja zao, na anayetoweka wiki kadhaa hurudi akipigwa kama mgeni. Mgonjwa wa kuambukiza ndiye anayepelekwa mbali kabisa, na huhudumiwa wa mwisho, baada ya wazima.

Maji na chakula viwe mahali shingo inapofika bila kuku kuinuka. Maji ya kisima chenye chumvi simpi, kwa sababu chumvi nyingi humdhuru kuku. Kwa sababu hiyo hiyo mchanga wake wa kulalia siuchoti ufuoni. Asiyeweza kunywa hutonewa tone moja moja pembeni mwa mdomo. Usimmiminie, kwani tundu la pumzi liko nyuma ya ulimi na maji yataingia kifuani. Mgeuze mara kadhaa kwa siku, papasa kidari kama kimeota kidonda, na umwoshe nyuma kwa maji ya vuguvugu, kwa maana nzi wa hapa kwetu hutaga penye uchafu, na mabuu humla kuku akiwa hai.

Miguu ya vifaranga kutanuka, kwangu, ilitokana na sakafu laini ya saruji. Sasa huwatandikia kipande cha mkeka mkavu. Aliyekwisha kutanuka hufungwa miguu yote miwili kwa ukanda mwembamba wa bendeji, kwa nafasi ile ambayo angesimama nayo kwa kawaida, na ukanda hubadilishwa kila siku kwa kuwa anakua. Kazi hii hufaa katika siku 3 za mwanzo. Baada ya wiki moja matumaini ni madogo.

Aliyepinda shingo kwa kideri hudonoa akaikosa punje, na mwenyewe ukadhani hataki kula. Mpe pumba iliyoloweshwa kwenye bakuli lenye kina, liwe limejaa, ili popote mdomo uangukapo ukute chakula. Wenzake wachanjwe tone la jicho kila baada ya miezi 3. Chupa moja hutosha kuku 100 au zaidi na haikai ikishafunguliwa, kwa hiyo sisi majirani huinunua kwa kuchangiana na kuifuata na barafu.

Kuku asiyekula wala kunywa hata kwa kusaidiwa, ambaye kidari chake kimebaki mfupa mtupu, mimi humchinja asiendelee kuteseka. Aliyekuwa na kideri haliwi wala manyoya yake hayatupwi jaani, ambako kuku wa mtaa mzima huja kuchakura. Huzikwa katika shimo refu ambalo paka hawawezi kulifukua.