BBS yangu ya DOSBox inagoma, ninunue mashine yenye nguvu zaidi?

SWALI: Habari mtaalamu. Nimefufua BBS, ule ubao wa zamani ambao watu waliingia kwa simu kuachiana meseji na kucheza magemu. Natumia programu ya RemoteAccess ndani ya DOSBox, emuleta inayoiga kompyuta ya zamani ya DOS, kwenye kompyuta ndogo yenye Ubuntu, yaani Linux. Nimefungua DOSBox mbili ili watu wawili waweze kuingia kwa pamoja, zote zinasoma folda moja. Sasa kuna magemu yanagoma kuwaka, yanaandika Runtime error 200, na meseji za watu zinachanganyikana, unafungua ya huyu unakuta maneno ya yule. Nimeweka cycles=max, yaani DOSBox ikimbie kwa kasi yote, bado hali ni ileile. Jamaa mmoja kaniambia prosesa yangu ndogo, na ananiuzia imeji iliyokamilika, yaani nakala ya diski yenye BBS nzima, ni kuweka na kuwasha tu. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Na hiyo cycles=max iondoe leoleo maana ndo inakuletea nusu ya matatizo.

Hili swali naletewa mara kwa mara na ushauri ambao watu wanakuwa wameshapewa ni uleule, ongeza prosesa, ongeza ram, tafuta mashine nyingine. Inanikera kwa sababu ni kinyume kabisa cha ukweli. Hizi programu ziliandikwa zikimbie kwenye prosesa za zamani za 286 na 386, mashine yako inazibeba bila hata kujua ina mzigo. Kinachokosekana sio nguvu.

Chukua hiyo error 200. Magemu mengi ya BBS ya miaka ya 1990 yaliandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya programu ya Borland, na ndani ya Turbo Pascal kuna kipande kinaitwa CRT ambacho kabla gemu haijaonyesha chochote kwenye skrini kinapima kwanza kasi ya mashine. Kinazunguka bure mpaka saa ya kompyuta ipige mara moja, hapo ni kama milisekunde 55, halafu ile idadi ya mizunguko kinaigawa kwa 55 kijue milisekunde moja inabeba mizunguko mingapi. Jibu linatakiwa litoshe kwenye namba ya biti 16, mwisho wake ni 65,535. Sasa mashine ikikimbia sana mizunguko inapita milioni tatu na nusu ndani ya mpigo mmoja, jibu halitoshi mahali pake, prosesa inatoa kosa la kugawanya, na Pascal inalitangaza kama kugawanya kwa sifuri wakati hakuna sifuri yoyote. Watu walianza kukutana na hili kwenye Pentium za kama MHz 200, kabla DOSBox haijakuwepo. Kwa hiyo anayekwambia ununue prosesa kubwa anakuongezea kilekile kinachokuua. Weka cycles=fixed 10000 ujaribu, ikigoma shusha. Au tumia TPPATCH, inarekebisha faili la EXE lenyewe, ila weka nakala pembeni kwanza, na kama EXE imebanwa kwa PKLITE lazima uifungue ndo uipige kiraka.

Hiyo ilikuwa nyepesi. Nataka tukae kwenye meseji kuchanganyikana, kwa sababu hapo watu wanapoteza kazi ya miaka halafu wanasema BBS za zamani ni mbovu.

CBBS, ile BBS ya kwanza ya Ward Christensen na Randy Suess kule Chicago, iliyowaka Februari 1978, ilikuwa na laini moja ya simu. Mmoja akiingia, wengine wanapata bize. Hata Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la mazingira la ELCI lilipokuwa linabeba barua za mashirika kwa FidoNet, mtandao wa BBS zinazopigiana simu, mpaka mtandao wa GreenNet wa London, kazi yenyewe ilikuwa ni simu kupiga, kutua mzigo, kukata. Laini ndo ilikuwa inazuia watu wawili wasiandike faili moja kwa wakati mmoja. Sysop, yaani mwendeshaji wa BBS, alipotaka laini mbili kwenye mashine moja alikuwa anaendesha DESQview, inayowezesha programu kadhaa za DOS kukimbia pamoja, na kabla ya yote anawasha SHARE.EXE, ambayo kazi yake ni kufunga faili, huyu akiwa anaandika mwingine anasubiri.

Wewe umefungua DOSBox mbili. Kila moja inaamini iko peke yake duniani, na ile DOSBox ya kawaida haina kufuli ya kuijulisha nyingine kwamba faili hili linaandikwa. Waliotengeneza DOSBox wanasema wazi kwamba wameitengeneza kwa ajili ya magemu, hawajaahidi zaidi ya hapo. Sasa angalia kinachotokea kama unatumia meseji za mtindo wa Hudson, namna mojawapo ya zamani ya kuhifadhi meseji, na kwa dalili ulizotaja nadhani ndo unazotumia. Maneno yote ya meseji zote yanakaa kwenye faili moja, MSGTXT.BBS, yamekatwa vipande vya baiti 256, na kwenye MSGHDR.BBS kuna kichwa cha kila meseji kinachosema maneno yake yanaanzia kipande namba fulani na yako vipande vingapi. Mtu wa kwanza akibonyeza hifadhi, nodi ya kwanza, yaani ile DOSBox yake, inaangalia mwisho wa faili, tuseme kipande cha 900, inaanza kuandika hapo. Wakati huohuo nodi ya pili nayo imeangalia, imeona 900 vilevile, inaandika juu yake. Mwisho unabaki na vichwa viwili vyote vinaelekeza 900, na maneno ni ya yule aliyechelewa kumaliza. Ndo maana unafungua ya huyu unakuta maneno ya yule. Uweke prosesa ya bei yoyote, itaharibu vilevile.

Kwa hiyo leo funga nodi ya pili, ubaki na moja mpaka urekebishe. Ukitaka kweli laini nyingi na bado unaipenda RemoteAccess, hamia dosemu2, emuleta nyingine ya DOS, kwa kuwa uko Linux, yenyewe kufuli za faili inazipeleka kwa Linux na Linux ndo inaamua nani asubiri. Njia ninayoipendekeza zaidi ni kuweka Synchronet, programu nyingine ya BBS ambayo imekuwepo tangu 1991 na sasa ni huria, inakimbia Linux moja kwa moja bila emuleta, iachie yenyewe watumiaji, meseji na laini zote, na emuleta uitumie kwa gemu za DOS tu, mtu akiingia kwenye gemu inawaka, akitoka inazima. Na gemu nyingine hata hivyo ziliandikwa kwa mchezaji mmoja kwa wakati, soma maelezo yake, usizilazimishe.

Jambo dogo kabla sijasahau, watu wakianza kulalamika kwamba faili za zip wanazoshusha zimeharibika, mara nyingi shida ni baiti ya 255. Kwenye Telnet, njia ambayo watu wanaingilia BBS kupitia intaneti badala ya simu, hiyo ni alama ya amri, lazima itumwe mara mbili ndo ihesabike kama data. Upande mmoja ukiongea Telnet na mwingine ukituma data ghafi, kila zip inavunjika. Kwenye modemu ya DOSBox ongeza AT+NET1 kwenye amri za kuanzia.

Sasa hiyo imeji ya kuweka na kuwasha. Hawa watu wananikasirisha kuliko wote. Anachokuuzia ni programu za watu alizozikusanya, nyingine zimevunjwa leseni, hajui mwenyewe kuna nini ndani, paswedi ya sysop ni ileile kwa kila aliyeuziwa, na anakuelekeza ufungue poti 23, mlango wa Telnet, kwa dunia nzima. Tangu kirusi cha Mirai cha 2016 kuna roboti zinazunguka intaneti usiku na mchana zikigonga poti hiyo kutafuta paswedi rahisi. Roboti ikiingia inakalia nodi yako, watu wako wanapata bize. Halafu programu nyingi za zamani zinamruhusu sysop ashuke mpaka DOS akiwa mbali, na mafundi hawa wana tabia ya kumaunti folda yote ya nyumbani, yaani kuiunganisha na DOSBox, iwe diski ya C. Mtu akiingia na ile paswedi ya imeji anakuta picha zako, barua zako, funguo zako za SSH, zile za kuingilia kompyuta nyingine kwa njia iliyosimbwa, vyote viko kwenye C na anaweza kufuta.

Yeyote anayesoma hapa na ameshawasha imeji ya namna hiyo, funga poti 23 kwenye ruta sasa hivi, kisha ubadilishe paswedi ya sysop, maunti folda ya BBS peke yake, na ubadilishe funguo za SSH kama zilikuwa humo. Waambie na watumiaji wako kwamba Telnet inapitisha paswedi wazi, wasitumie ile ya barua pepe. Kisha uwafungulie SSH ya Synchronet.