Karamu ya 1880 yenye mbuta na nyanya

SWALI: Habari ya kazi dada. Juzi kwa TV kulikuwa na kipindi cha upishi, shefu akatangaza anapika karamu ya Kijaluo ya mwaka 1880, akaweka ugali mweupe, mbuta (samaki sangara) wa kukaanga na kachumbari ya nyanya. Dani, bibi yetu mzee, alikasirika sana akasema huo ni uongo mtupu. Mume wangu naye anasema TV ni burudani, mpishi asibanwe na historia. Nani ako sawa? – Msomaji, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Dani ako sawa kabisa. Mbuta aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, so hiyo 1880 hakuna mvuvi wa ufuo wa Dunga hapa Kisumu angemnasa. Nyanya na mahindi asili yake ni Amerika, na ingawa Wareno walileta mahindi pwani zamani, huku kwetu unga mweupe ulishika sufuria wakati wa mkoloni, kabla ya hapo kuon (ugali kwa Kijaluo) ilikuwa ya mtama ama wimbi, nyeusinyeusi hivi. Kwa hiyo sahani nzima karibu hakuna kitu cha huo mwaka.

Lakini mzee wako pia simtupi, manake ubunifu si dhambi. Mpishi Mwingereza Heston Blumenthal mwaka 2009 alifanya kipindi cha Heston's Feasts kwa Channel 4, karamu za Warumi, za enzi za kati, za wakati wa Malkia Victoria, na alicheza nazo sana, lakini ukiangalia unaona wazi huyu anacheza, halafu mchezo wenyewe una mizizi. Ile sahani yake maarufu ya maini ya kuku iliyofanywa kama chungwa, wapishi wa zamani Ulaya kweli walikuwa wanaviringa nyama na kuipaka kiini cha yai ifanane na tunda. Yaani alisoma kwanza ndio akabuni.

Shida ya huyu shefu wetu ni ule mwaka. Ukishasema 1880 umeahidi, na ahadi ni deni, kijana anayeangalia ataamini mbuta ni urithi wa babu zake na ngege, samaki wetu wa asili, atasahaulika. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ukweli ungependeza kwa kamera kuliko hiyo kachumbari! Angeonyesha samaki kamongo, ama osuga (mboga ya managu) iliyopikwa na maziwa kwa chungu, ama ile chumvi ya majivu Waluhya wanaita musherekha: majivu ya mimea yanajazwa kwenye chombo chenye matundu chini, unamwagia maji polepole, yanadondoka yakiwa ya kahawia, ukiweka kidogo tu mboga ya mrenda inalainika na kuteleza vizuri. Hakuna kitu cha kubuni hapo na mtu hawezi toa macho kwa skrini.

Kama ningekuwa wewe ningeandikia hiyo stesheni ujumbe mfupi, wafute 1880 waiite karamu ya Kisumu ya leo, na mbuta wao abaki hapo hapo.