Gari haivuti ukikanyaga: maswali yenu ya wiki hii

Meseji za wiki hii karibu zote ni moja, gari inawaka fresh, ikisimama inanguruma vizuri, ukikanyaga mafuta haiendi. Na karibu zote zinaishia na "nimeshabadilisha kadhaa na kadhaa bado tu". Haya twende.

Fundi, nina IST ya injini ya 1NZ. Hapa Kigoma mjini, Ujiji mpaka Mwanga, haina neno, ila safari ya Kasulu nikifika kwenye milima nikikanyaga inakohoa kama inataka kuzima, nikiachia kidogo inarudi. Plagi nimebadilisha mara mbili.

Kaka hizo plagi za mara ya pili ulipigwa. Gari inayokohoa ukikanyaga halafu ikapona ukiachia, mara nyingi inalia njaa, mafuta hayafiki ya kutosha. Kwenye tambarare injini inakula kidogo kwahiyo hata pampu iliyochoka inamudu, ukianza kupanda inadai mengi kwa mkupuo ndo pampu inaumbuka.

Sasa usikimbilie dukani tena. Mwambie fundi afunge geji ya presha ya mafuta, hiyo 1NZ inatakiwa isome kati ya bar 3 na 3.5 na ukiipiga resi mshale usidondoke. Ukidondoka basi ni filta, chujio la chini ya pampu au pampu yenyewe, na kwenye IST vyote viko ndani ya tenki, unanyanyua siti ya nyuma unakuta kifuniko. Wengi wanapakwepa kwa sababu hapaonekani, na kweli pana hatari, chomoa betri kwanza na mvuta sigara akae mbali.

Juzi kati nilifungua Probox ya jamaa anabeba dagaa kutoka Kibirizi, chujio la chini limejaa tope jeusi laini kama ugoro, ukilikamua linatoka kamasi. Nikamuuliza unajaza mafuta wapi, akacheka tu. Madumu ya njiani hayo, na taa ya mafuta imewaka wiki nzima, wakati pampu inapozwa na hayohayo mafuta iliyozama ndani yake.

Presha ikiwa nzima, hamia kwenye sensa ya hewa, ile iliyo kwenye bomba baada ya eya klina. Vumbi likiigandia inaidanganya kompyuta kwamba hewa inayoingia ni kidogo, basi na mafuta yanapunguzwa. Kuna dawa yake ya kupuliza, ipulize uache ikauke, usiifute na kitambaa wala mswaki, kale kawaya ka ndani ni kama unywele.

Noah yangu ya otomatiki nikikanyaga injini inapiga kelele sana lakini spidi haipandi. Fundi anasema tushushe injini.

Asiiguse injini! Dada, injini yako inafanya kazi yake, nguvu inapotelea njiani, gia boksi inateleza. Kama ina kijiti cha kupimia oili ya gia kichomoe gari ikiwa imepata moto na inanguruma, upakaze kwenye tishu nyeupe. Ikiwa nyekundu safi na iko chini ya alama, ongeza ile inayotakiwa halafu tafuta inapovujia. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hapo jiandae kisaikolojia, maana kuna klachi pleti za ndani zimeisha na oili mpya peke yake haizirudishi.

Taa ya cheki injini inawaka na kuzima huku gari inatetemeka nikikanyaga, nimalizie tu safari ya Kibondo?

Hapana mzee wangu. Ikiwaka tu ikatulia unaweza kwenda taratibu mpaka gereji, ila ikikonyeza hivyo kuna silinda haichomi, na petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega, kile kisafisha moshi cha ndani ya egzosi, inayayeyusha. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ikitoa kodi (namba ya kosa) tuseme P0302, ujue ni silinda namba 2, basi hamisha koili ya 2, ile inayopeleka moto kwenye plagi, ipeleke 3, futa hiyo kodi, washa uzunguke kidogo. Ikija P0303 koili imekufa, nunua moja sio nne. Ikibaki P0302 angalia plagi, halafu nozo inayopuliza mafuta, halafu kompresheni.

Nimeambiwa masega yameziba niyatoboe, gari itakuwa na nguvu.

Umeambiwa na aliyepima au aliyeotea? Masega yakiziba kweli gari inazidi kuchoka kadri inavyopata moto, resi inafika mahali inagoma, na ukiweka kiganja nyuma ya egzosi upepo ni wa mgonjwa. Kipimo cha bei rahisi, gari ikiwa imepoa fungua ile oksijeni sensa ya kabla ya masega, uache tundu wazi, uendeshe mita chache tu. Itapiga kelele mpaka majirani watoke nje, lakini ikivuta kama zamani basi njia imeziba. Ukibadilisha, tafuta kilichoyaziba kwanza, kama injini inakula oili au inamisi hata mapya yataziba.

Pikapu ya dizeli yenye turbo, moshi mweusi na haina nguvu.

Moshi mweusi ni mafuta mengi hewa kidogo. Anza na eya klina, kwa vumbi la barabara zetu za ndani ile ratiba ya kwenye kitabu cha gari sahau. Kisha kagua hosi kubwa kutoka turbo, ile inayosukuma hewa, mpaka injini, paka povu la sabuni kwenye maungio mtu akipiga resi, panapopumua utapaona. Mara nyingi ni klipu imelegea tu.

Eti milimani hewa ni nyepesi ndo maana gari inachoka?

Kweli, ila kidogo. Kila mita 1,000 unazopanda injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10, na ziwa letu lenyewe, Tanganyika, tayari liko mita 770 na ushee juu ya bahari. Kutoka hapo mpaka Kasulu ni asilimia chache, haiwezi kukufanya upitwe na bodaboda imebeba mkungu wa ndizi.

Vitz ya cc 1000, nikiwasha AC kwenye mlima inakufa kabisa.

Zima AC ukipanda, washa ukifika juu. Hiyo gari haiumwi, ni ndogo.